Kuuvusha Mche wa Matunda Kwenye Kipupwe Chake cha Kwanza: Mwongozo Kamili kwa Wapandaji wa Dar es Salaam

Simu huanza mwezi wa tisa. Mmoja yuko Kivule, mwingine Kigamboni, mwingine Madale, na kisa ni kilekile: walipanda Aprili, masika yakanyesha, mche ukatoa majani mapya, nyumba nzima ikafurahi. Sasa umebaki kijiti.

Wengi wanalaumu jua. Lakini jua la Julai ndilo pole kuliko yote tunayoyaona hapa mjini. Muuaji ni upepo wa kusi ukishirikiana na ukame, na baridi kidogo ya kipupwe inatusahaulisha. Kwa kuwa sisi wenyewe tunajifunika shuka usiku na hatutoki jasho, tunadhani na mche hauna kiu. Angalia nguo unazoanika Julai: jua limefifia, kanga inakauka upesi vilevile. Upepo unaoikausha kanga kambani ndio unaoyakausha majani ya mwembe wako.

Aprili peke yake Dar hupata zaidi ya milimita 200 za mvua. Julai na Agosti kwa kawaida hazifikii hata 50. Mche uliozoea kunyweshwa kila siku na mawingu hauna mizizi mirefu. Mizizi yote iko juu juu, kwenye udongo unaokauka kwanza. Kazi yetu ni kuishusha mizizi chini na kuzuia unyevu usiondoke.

Mwongozo huu ni wa miche ya mwaka wa kwanza: miembe, michungwa, milimao, miparachichi, mistafeli, mifenesi. Mpera na mkomamanga ni wavumilivu, utayafanya haya kwa nusu ya juhudi. Mparachichi ndio mdekaji kuliko wote, hasa kwenye joto letu la pwani. Ukikosea kidogo unakuonyesha.

Na kama leo ni Juni na mche wako bado uko kwenye kiriba, usiupande. Uweke kivulini, umwagilie kila siku, usubiri vuli.

Vitu vya kuandaa

Vikusanye wiki ya mwisho ya Mei, kabla ardhi haijakauka. Kwa mche mmoja utahitaji:

- Jembe, na dumu la lita 20.
- Matandazo ya kujaza toroli moja: nyasi kavu zisizo na mbegu, majani makavu ya mwembe, au makumbi ya nazi yaliyochambuliwa.
- Makuti matatu au manne yaliyosukwa, au kipande cha neti ya kivuli.
- Fito nne zenye urefu unaouzidi mche kwa nusu mita.
- Kamba ya katani au ya mgomba, na vipande vya kanga chakavu.
- Ndoo ya samadi iliyoiva, ile isiyonuka tena.
- Majivu ya jikoni, kopo moja.
- Chungu cha udongo kisichopakwa rangi, kama udongo wako ni kichanga.
- Chokaa kidogo.

Usinunue mbolea ya chumvichumvi. Sababu iko hatua ya saba.

Hatua ya 1: Ujue udongo wako

Dar si udongo mmoja. Kigamboni, Mbweni na maeneo mengi ya karibu na bahari ni kichanga. Maji yanapita kama kwenye chujio. Ukipanda kuelekea vilima vya Pugu unakutana na udongo mzito zaidi, unaoshika maji lakini ukikauka unapasuka.

Jaribio ni rahisi. Chimba shimo dogo la kina cha mkono, mwaga lita tano, uangalie. Yakiisha kabla hujamaliza kunawa mikono, una kichanga. Yakikaa nusu saa, una mfinyanzi. Ratiba yako yote ya maji itatoka hapa, kwa hiyo usiruke hatua hii kwa kuwa jirani ana ratiba yake. Jirani yangu mmoja alimwagilia kwa ratiba ya shemeji yake wa Mbweni, yeye akiwa kwenye mfinyanzi. Mchungwa wake ulioza mizizi katikati ya kiangazi, jambo ambalo hadi leo hapendi kuliongelea.

Hatua ya 2: Tengeneza kisahani

Palilia duara la upana wa mita moja kuzunguka mche. Ng'oa ukoka wote, na mizizi yake, maana ukoka hunywa maji kabla mche haujapata.

Kisha inua ukingo wa udongo kuzunguka duara hilo, kimo cha kiganja. Katikati, karibu na shina, acha udongo uwe juu kidogo ili maji yasituame kwenye shina. Umbo lake liwe kama sahani ya wali yenye kikombe kidogo kilichopinduliwa katikati.

Tandaza samadi ndani ya kisahani, tabaka la vidole viwili, isiguse shina. Samadi mbichi inaunguza mizizi na kuita mchwa.

Ukifanikiwa: unamwaga lita 10 na hakuna tone linalotoroka nje ya ukingo.

Hatua ya 3: Maji, na hapa ndipo wengi wanapofeli

Kila jioni mtu anatoka na mpira, anarashia rashia dakika moja kila mche, anarudi ndani akiridhika. Udongo juu umekuwa mweusi, unapendeza. Chimba kidole kimoja chini: vumbi.

Maji ya juu juu yanafanya kinyume cha unachotaka. Mizizi inayafuata maji yalipo. Ukiyaweka juu, mizizi inabaki juu, na siku maji ya bomba yakikatika au ukisafiri kwenda msibani siku nne, mche hauna akiba. Ukiyapeleka chini, mizizi inashuka chini, mahali ambapo upepo haufiki.

Kanuni ni hii: maji mengi kwa siku chache.

Kwenye kichanga: lita 10 kwa mche, mara mbili kwa wiki. Kwenye udongo mzito: lita 10 hadi 15, mara moja kwa wiki. Kwa hiyo dumu moja linatosha miche miwili, na mwenye miche sita kwenye kichanga anahitaji madumu sita kwa wiki. Piga hesabu hiyo mapema, kabla hujapanda ishirini.

Mwaga polepole, kwa awamu mbili. Awamu ya kwanza inalainisha, ya pili inazama. Fanya asubuhi mapema au jua likiwa linazama.

Baada ya saa moja, chomeka kijiti kikavu kwenye udongo pembeni mwa mche, kina cha sentimita 30, ukitoe. Kikitoka na udongo umegandia hadi nchani, umefanikiwa. Kikitoka kisafi nusu ya chini, ongeza.

Usidanganywe na majani ya saa nane mchana. Mche wenye afya kabisa unaweza kulegea saa nane na kuinuka jioni. Kauangalie saa kumi na mbili asubuhi. Ukiwa umelegea alfajiri, una shida. Hapo chomeka kijiti kwanza kabla hujakimbilia ndoo: kikitoka kikavu, una kiu, kikitoka na tope linalonuka, umeuzamisha, na dawa yake ni kuacha kabisa kumwagilia hadi ukauke kiasi.

Kama maji yako ni ya kisima

Yaonje. Visima vingi vya pwani vina chumvi, na mche unaona chumvi kabla ulimi wako. Dalili ni kingo za majani kuungua rangi ya kahawia kuanzia nchani, na ukungu mweupe juu ya udongo uliokauka. Mparachichi na jamii ya michungwa ndio wa kwanza kuumia. Mwembe nao haupendi. Mnazi hauna habari.

Hiyo miche mitatu ipe maji ya bomba au ya mvua uliyokinga. Ukilazimika kutumia ya kisima, usipunguze kiasi. Maji kidogo kidogo ya chumvi ndiyo mabaya zaidi, kwa sababu maji yanaruka na chumvi inabaki. Mwaga kwa wingi ili chumvi ishuke chini ya mizizi.

Maji ya kusuuzia nguo yanafaa, mradi hayana dawa ya madoa. Ya povu la kwanza mwaga kwingine.

Chungu au chupa?

Mtandaoni utaona sana chupa ya lita moja na nusu iliyotobolewa na kupinduliwa kwenye mche. Mimi siiamini sana. Lita moja na nusu ni kidogo, tundu linaziba na mchanga, na mwenye chupa huwa anaacha kumwagilia akidhani kazi imekwisha. Itumie kama nyongeza ya siku za safari tu.

Chungu ni habari nyingine. Nunua kile cha kawaida cha udongo, cha lita tano hivi. Kabla hujakizika, kijaze maji ukiache usiku kucha juu ya sakafu kavu. Asubuhi nje yake iwe na unyevunyevu. Kisipotoa jasho, hakifai. Kizike sentimita 30 kutoka shinani, mdomo ubaki juu kidogo ya ardhi, ujaze maji. Udongo ukikauka unayavuta kupitia ukuta wa chungu. Ukiwa na maji unaacha. Kwenye kichanga cha Kigamboni sijaona kinachokishinda. Kijaze kila siku ya tatu au ya nne, na bado mwaga zile lita 10 angalau mara moja kwa wiki.

Onyo: kifunike kwa kigae au jiwe bapa. Mbu wa dengi anazaliana kwenye maji masafi yaliyotulia, na Dar tumeshapata milipuko yake, 2014 na tena 2019. Bustani isiwe sababu ya kulaza watoto.

Hatua ya 4: Tandaza, lakini mwagilia kwanza

Matandazo yanahifadhi kilichopo. Ukitandaza juu ya udongo mkavu, umehifadhi ukavu. Kwa hiyo mwagilia, subiri hadi kesho yake, kisha weka tabaka la unene wa sentimita 8 hadi 10, lijaze kisahani chote.

Acha nafasi ya kiganja kizima kuzunguka shina. Matandazo yakigusa shina yanafanya mambo mawili, yote mabaya: gome linaoza, na mchwa wanapata njia yao kwenye giza.

Maranda mabichi ya mbao yasitumike peke yake. Yakioza hufyonza rutuba ya udongo. Kama unayo ya mwaka jana yaliyogeuka meusi, sawa.

Kuku watayachakura. Yazungushie matawi ya miiba, au uweke makumbi juu, ni mazito. Mwezi wa nane utakuta yamepungua nusu, ongeza.

Ukifanikiwa: siku ya tatu baada ya kumwagilia, inua matandazo uguse udongo. Uwe wa baridi na unyevu, wakati pembeni ya kisahani ni vumbi.

Hatua ya 5: Zuia upepo upande mmoja, jua upande mwingine

Hapa kuna kosa ambalo naona hata kwa wazoefu: ua wa makuti unazungushwa mche mzima kama choo cha shambani. Ndani hakuna hewa, joto linajikusanya, na mche unarefuka kama mlingoti ukitafuta mwanga.

Fikiria pande. Kusi inatoka kusini na kusini-mashariki. Jua, kwa kuwa sisi tuko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, tangu Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba linapita upande wetu wa kaskazini saa sita mchana, na kali lake la alasiri linatoka magharibi. Upepo na jua vinatoka pande tofauti. Kwa hiyo:

Upande wa kusini na mashariki-kusini simamisha makuti mawili wima, nusu mita kutoka kwenye mche, yawe marefu kuliko mche kidogo. Yasiwe yamebana sana. Upepo upite kwa kuchujwa. Ukuta mzito unaugeuza upepo uwe kimbunga kidogo nyuma yake, na huko ndiko mche uliko.

Juu, weka kuti moja au neti, ukiliinamisha kuelekea kaskazini-magharibi. Upande wa mashariki uache wazi kabisa, jua la asubuhi mche unalihitaji.

Uking'ang'ania kivuli cha upande wa kusini, umemvika mtu kofia kisogoni.

Choma ncha za fito kwenye moto hadi ziwe nyeusi kabla ya kuzichimbia. Mchwa hawazipendi hivyo. Na zichimbie nje ya mizizi, usipitishe fito katikati ya kisahani.

Ukifanikiwa: siku ya upepo mkali, majani yanatikisika taratibu, hayageuki tumbo juu. Saa nane mchana mche una madoadoa ya mwanga, si giza.

Hatua ya 6: Funga mche kwa ulegevu

Kama mche unayumba hadi shina linaacha tundu kwenye udongo, mizizi midogo inakatika kila siku. Simamisha fito moja upande upepo unakotoka, funga kwa kipande cha kanga kwa umbo la nambari 8: duara moja kwenye fito, jingine kwenye shina, katikati pamesokotwa.

Usitumie nailoni. Mimi nilifunga mchungwa kwa kamba ya nailoni, nikausahau. Nilipokuja kukumbuka kamba ilikuwa imezama ndani ya gome. Juu ya kamba palikufa.

Kama mche ni wa kubebeshwa, yaani kikonyo cha mti mmoja kimeunganishwa kwenye shina la mwingine, na bado una ile plastiki kwenye kiungo, ikate sasa kwa wembe, kwa sababu hiyohiyo.

Hatua ya 7: Acha mche upumzike

Kipupwe si wakati wa kuhimiza ukuaji. Mbolea ya urea kwenye udongo mkavu inaunguza mizizi, na majani mapya laini itakayoyatoa ndiyo ya kwanza kukaushwa na kusi. Subiri vuli. Usipogoe pia.

Isipokuwa vitu viwili, hivi kata bila huruma.

Cha kwanza, maua. Mwembe wa kubebeshwa unaweza kutoa maua Juni au Julai ukiwa na urefu wa goti, na mwenye mche huwa anapiga picha. Yavunje. Mche unatumia akiba yake yote kulisha ua ambalo halitafika popote.

Cha pili, machipukizi yanayotoka chini ya kiungo cha kubebeshea. Hayo ni ya mwembe wa kienyeji uliobeba kikonyo chako. Yana nguvu kuliko kikonyo, na yakiachwa yatakinyima chakula hadi kife. Watu wengi wanafurahi kwamba mche "umefufuka", kumbe embe walilolipia limekufa na wanalea kitu kingine kabisa.

Hatua ya 8: Ukaguzi wa Jumamosi

Dakika tano kwa mche.

Mchwa: tafuta vijia vya udongo vinavyopanda shina. Hushambulia zaidi mche uliodhoofika kwa kiu. Vikwangue kwa mkono, sogeza matandazo, nyunyiza konzi moja ya majivu kuzunguka, bila kuyarundika shinani. Wakirudi wiki mbili mfululizo, muone afisa ugani wa kata yako akushauri dawa.

Majani yanayoanguka: usikate tamaa mapema. Kwangua gome kidogo kwa ukucha. Kijani chini yake maana yake mche uko hai; endelea na maji kama kawaida, usiyaongeze, maana mche usio na majani hunywa kidogo. Lile shina lililobaki wazi lipake chokaa iliyochanganywa na maji, hasa upande wa kaskazini-magharibi, jua lisilichome. Ukikuta kahawia, kwangua chini zaidi. Kijani kikianzia juu ya kiungo, bado una embe lako. Kikianzia chini yake, unao mche wa kubebesha upya.

Mbuzi: hili halina dawa ya kitaalamu. Ongea na mwenye mbuzi, halafu weka miiba hata kama amekuahidi.

Hatua ya 9: Kuuondolea ulinzi

Vuli huanza kuchungulia Oktoba, lakini mvua moja ya usiku si vuli. Subiri mvua tatu za kulowanisha ndani ya wiki mbili ndipo uache kumwagilia. Kuna miaka vuli inatoa ahadi halafu inaondoka.

Kivuli kiondoe kwa awamu. Wiki ya kwanza toa kuti la juu asubuhi hadi saa nne. Wiki ya pili hadi saa sita. Wiki ya tatu liondoe moja kwa moja. Mche uliotolewa kivulini ghafla majani yake yanaungua mabaka meupe.

Makuti ya kusini yanaweza kutoka Novemba, upepo ukishageuka kuwa kaskazi. Matandazo usiyaguse. Januari na Februari zinakuja na joto ambalo kipupwe hakina, na utayahitaji tena, pamoja na ratiba yako ya maji.

Ukifanikiwa: kufikia mwishoni mwa Oktoba, ncha za mwembe zinatoa majani laini ya rangi ya shaba yanayoning'inia kama yamechoka. Hayajachoka, ndivyo yanavyozaliwa. Sasa ndipo unaruhusiwa kuweka mbolea, na kabla masika hayajarudi kata mlango kwenye ukingo wa kisahani, upande wa mteremko, maji ya ziada yatoke.